Siku 214 za Kendall Ratliff

Sehemu ya tisa

“Msipige makofi!”

Hapo ndipo nilipowaachia, na najua wapo walioninunia wiki nzima. Msomaji mmoja kaniandikia barua ya kunitukana, kaanza na “wewe bwana huna huruma hata chembe.” Haya mama, barua nimeipata. Kaa vizuri, maana leo ndiyo utanichukia kabisa.

Wewe uliyeingia sasa hivi, sogea nikupe upesi upesi. Ni Ijumaa, saa nne asubuhi, mwezi wa kumi, ghorofa ya pili ya jengo la mahakama katika mji mdogo wa Pruitt, Kentucky. Hii ni mahakama ya tiba. Teja aliyekamatwa anakiri kosa, hukumu yake inaandikwa na kufungiwa kwenye droo, halafu anaambiwa: nenda katibiwe, fanya kazi, pimwa mkojo kila ukiitwa, na kila Ijumaa uje usimame hapa utuambie una siku ngapi hujagusa kitu. Akizitaja, ukumbi mzima unampigia makofi, na jaji naye anapiga. Akimaliza mwaka na nusu, karatasi inachanwa. Akishindwa, droo inafunguliwa.

Kwenye droo ya Kendall Ratliff, kijana wa miaka ishirini na sita, mna miaka saba jela.

Kendall alikuwa amesimama, kofia mkononi, kasema kwa majivuno kidogo, “Mia mbili na kumi na nne, Mheshimiwa.” Mikono ya watu ikainuka. Jaji Hobart Stidham akaikatiza hewani kwa kauli ile niliyowaachia.

Mama yake, Wilma, alikaa benchi la pili, ubavuni mwa mumewe Virgil. Kabla jaji hajafungua mdomo tena, yeye alishajua kinachokuja.

“Kendall,” jaji akasema, “Jumanne ulikuwa wapi?”

“Kazini, Mheshimiwa. Karakana ya matairi. Nimeingia saa kumi na moja na nusu, nimetoka saa tisa.”

“Rangi yako ni ipi?”

“Zambarau.”

“Jumanne waliitwa zambarau. Hukuja kupimwa.”

Kendall akacheka. Aliona mzee leo kaamka na utani.

“Hapana, Mheshimiwa. Jumanne ilikuwa kijani.”

Hakuna aliyecheka naye. Treva Coots, msimamizi wa mahakama ile, mwanamke mwenye miwani ya kamba na faili kifuani, alikuwa amesimama karibu na dirisha. Akafungua ukurasa.

“Zambarau na nyeupe,” alisema. “Nimeisoma mwenyewe kwenye mashine. Na Jumanne hiyohiyo nilipiga simu kwa kina Ratliff mara tatu. Iliita mpaka ikachoka.”

Kila mgonjwa pale ana rangi yake. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi unapiga namba, mashine inakutajia rangi za siku. Ukisikia yako, una mpaka saa tisa mchana kufika kukojoa kikoponi, mtu amesimama anakutazama. Kendall saa hiyo huwa keshazama chini ya magari. Na simu ya mkononi bonde la Caney wanakoishi haishiki, kule inabaki kuwa tochi tu. Kwa hiyo anayepiga namba ile ni Wilma, kwa simu ya waya ya jikoni, kisha anapiga karakana kumwambia mwanawe. Miezi saba hajakosea hata mara moja.

Kendall akageuka, akamtafuta mama yake kwa macho.

“Mama? Si uliniambia kijani?”

Wilma akatazama viatu vyake.

Sasa nikurudishe Jumatatu, dakika moja tu. Wilma alikuwa anakusanya nguo za kufua. Kwenye msumari wa mlango wa nyuma lilitundikwa koti la mgodini, la rangi ya chungwa, lenye mistari ya kung’aa. Koti la Kendall, kutoka enzi zile kabla mgodi haujafungwa. Akaingiza mkono mfuko wa ndani kutoa takataka, kama afanyavyo mama yeyote. Akatoa kipande cha foili ya jikoni kilichokunjwa, kimeungua weusi katikati, na kimrija cha karatasi, vifaa vya kuvutia unga.

Alikaa kwenye ndoo ya nguo chafu, akalia bila sauti, mkono mdomoni. Siku mia mbili na kumi! Mtoto aliyeanza kunenepa, aliyeanza kuimba tena akioga!

Alikitupa kile kitu chooni, akavuta maji mara tatu. Na kesho yake saa kumi na mbili mashine iliposema zambarau, alishika simu, akapiga karakana. “Kijani, mwanangu,” akasema. “Piga kazi.”

Usimcheke. Aliwasikia mateja wenyewe pale ngazini wakisema unga wa siku hizi siku tatu unakuwa umeshatoka mwilini. Akaona akipimwa Jumanne, kwisha. Akikosa Jumanne, atapigiwa kelele kidogo, atafagia uwanja wa mahakama wikendi mbili, yameisha. Alidhani kutopimwa ni kosa dogo.

Masikini Wilma! Katika mahakama ile, anayepimwa akakutwa nacho anahesabiwa mgonjwa. Asiyetokea kupimwa anahesabiwa mjanja, na Jaji Stidham hana dawa ya wajanja.

“Kendall,” jaji akaendelea, “unakumbuka mwanzo wa mwezi wa tatu?”

“Nakumbuka, Mheshimiwa.”

“Mama yako alisimama palepale alipo leo. Akaniapia una homa, huwezi kuinuka kitandani. Ulikuwa na homa?”

“Hapana, Mheshimiwa.”

“Ulikuwa na nini?”

“Nilikuwa nimelala sakafuni kwa rafiki yangu, nimelewa unga.”

“Hilo lilikuwa kosa la pili. Nilikuambia nini kuhusu la tatu?”

“Kwamba utafungua droo.”

“Basi.”

Jaji alivuta faili.

“Ni mimi!”

Wilma alisimama bila kujua amesimama. Virgil akamshika sketi.

“Keti, Wilma,” alimnong’oneza. “Utaharibu.”

“Niache, Virgil! Mheshimiwa, ni mimi! Nilisikia zambarau kwa masikio yangu, nikamwambia kijani. Mtoto hana kosa. Nifungeni mimi!”

Dewey, askari wa mahakama, pande la mtu, akasogea hatua mbili. Jaji akamzuia kwa kidole.

“Bi. Ratliff, mwezi wa tatu uliniapia.”

“Nilidanganya.”

“Leo je?”

“Leo nasema kweli.”

“Mama yeyote anayeingia hapa ananiambia leo anasema kweli.” Jaji hakuwa amekasirika, na hiyo ndiyo iliyomtisha Wilma zaidi. Alikuwa amechoka tu. “Haya. Nieleze. Kwa nini mama amdanganye mwanawe rangi?”

Loo! Hapo ndipo angemeza ulimi. Angesema nilisinzia, angesema masikio yangu mabovu, angesema lolote. Wakili wa Kendall, binti mdogo aliyepewa na serikali, alikuwa anamkonyeza mpaka kope zinauma. Lakini Wilma alikuwa amejiapiza: uongo basi. Uongo ndio uliomfikisha mwanangu hapa. Leo nitasema kweli tupu, na kweli itamwokoa.

“Nilikuta foili kwenye koti lake.”

Ukumbi ukaguna. Binti wakili akajifunika uso.

“Nilijua akipimwa atakutwa nacho,” Wilma alizidi kujichimbia. “Nikataka apate siku tatu za kujisafisha. Basi! Ni hilo tu. Mheshimiwa, ni kijana mzuri, aliteleza siku moja, na mimi ndiye niliyemficha.”

Akakaa. Alihema kama aliyepanda ngazi na gunia la viazi. Alidhani amemaliza.

“Foili gani?” Kendall akauliza.

Akamgeukia mama yake.

“Mama. Foili gani?”

“Usinitazame hivyo, Kendall. Ya Jumatatu. Sina hasira na wewe.”

“Mimi sijagusa kitu! Mheshimiwa, naapa kwa Mungu sijagusa kitu! Nipimeni sasa hivi. Leteni kikopo, nikojoe hapahapa mbele ya watu!”

“Leo Ijumaa,” Treva Coots alisema taratibu. “Cha Jumatatu hakitaonekana tena, Kendall. Ndiyo maana tulikuita Jumanne.”

“Jumanne ningekuwa safi!”

“Jumanne hukuja.”

“Kwa sababu aliniambia kijani!”

“Kwa sababu alikuta foili.”

Unaona walivyomzungusha? Akitoka huku anaingia kule. Kijana aligeuka kwa wakili, akageuka kwa jaji, akageuka kwa mama yake, na kila uso ulikuwa wa huruma. Huruma ile anayopewa mtu ambaye hasadikiwi.

Junie, msichana aliyefikisha siku thelathini bila kugusa kitu, alipiga kelele kutoka kwenye viti vya wagonjwa, “Sema tu, Ken! Wewe kiri bwana, sote tumeshateleza!”

“Nikiri nini na mimi sijafanya?”

“Kaa chini, Junie,” jaji akasema. Akavua miwani. “Kendall, nisikilize vizuri. Mama yako kasema foili ilikuwa kwenye koti lako. Wewe unasema si yako. Nyumba ile mnaishi watu watatu. Kama si yako, ina mwenyewe. Nitampigia sherifu sasa hivi aende Caney, aipekue nyumba, na kila anayelala humo apimwe kabla ya chakula cha mchana. Ndivyo unavyotaka?”

“Ndivyo ninavyotaka!” Kendall akajibu haraka. “Waende! Wapekue! Wapime kila—”

Akasita.

“Mama,” alisema kwa sauti nyingine. “Koti gani?”

“La mgodini,” Wilma akajibu. “Si lile la chungwa, lenye mistari? Lilikuwa msumarini.”

Kendall alimwangalia mama yake. Kisha macho yake yakahama kidogo, yakapita juu ya bega lake, yakatua pembeni. Yakakaa huko.

Wilma aliona kitu kikimtoka mwanawe. Hakujua ni kitu gani. Mabega yalishuka, mikono ikalegea, ile hasira yote ikayeyuka, akabaki kijana mrefu mwenye mafuta ya magari kwenye kucha.

“Sherifu asiende,” Kendall akasema.

“Kwa nini?”

“Ni yangu.”

“Sema tena.”

“Foili ni yangu, Mheshimiwa. Nilivuta Jumatatu. Na rangi nilijua. Niliwapigia mwenyewe nikiwa karakana. Mama ananitetea tu, kama alivyo siku zote.”

“Mwongo!” Wilma akaruka. “Kendall, mwongo! Hukupiga! Mheshimiwa, hakupiga!”

“Bi. Ratliff!”

“Foili ni yake, sawa, lakini rangi hakujua! Niulizeni mimi!”

“Dakika mbili zilizopita umeapa hukugusa,” jaji alimwambia Kendall, wala hakumtazama tena Wilma. “Umeapa kwa Mungu.”

“Nilidanganya.”

“Unajua unachokisema kina maana gani?”

“Najua. Miaka saba.”

Binti wakili alimvuta mkono, akamnong’oneza sana, akamwomba wapumzike nusu saa wakazungumze. Kendall akatikisa kichwa. Alisema hapana kwa adabu, kama mtu anayekataa chai ya pili.

Watu wanaomjua Jaji Stidham wanasema ana chumba kizima cha picha za waliomaliza programu yake, na za waliozikwa pia. Akafungua droo. Akatoa karatasi. Akasaini, na kalamu yake ilikuwa nzito, kila mtu aliiona.

“Umetolewa kwenye programu. Hukumu inaanza leo. Dewey.”

Siku mia mbili na kumi na nne, zimekwenda na maji. Pingu zikalia kwenye mikono ya Kendall.

Mlango wa mahabusu uko upande wa madirisha, na njia ya kuuendea inapita mbele ya benchi la pili. Wilma alijitupa kwenye kizuizi cha mbao, akamshika mwanawe shati. Dewey naye ana mama, akajifanya anatafuta funguo.

“Kwa nini umesema ulijua rangi? Kwa nini, mwanangu? Mimi nilishabeba hilo! Ungeniachia!”

Kendall akainama mpaka midomo ikamgusa sikio.

“Mama, sikiliza, usipige kelele. Koti langu la mgodini sinalo.”

“Unasemaje?”

“Mwezi wa nane nililipeleka kanisani, kwenye nguo za msaada. Mshauri alituambia tuondoe vitu vyote tulivyokuwa tukivaa tukivuta. Sikukwambia, ulilipenda sana.”

“Kwa hiyo...” Wilma hakumaliza.

“Nataka wewe peke yako ujue. Zile siku ni za kweli. Zote. Na usiseme kitu. Baba na mgongo ule, jela atamaliza wiki? Mimi ni kijana, nitamudu.”

Mungu wangu!

Koti moja. Makoti ya baba na mwana yalifanana kabisa, sasa nyumbani lilibaki koti moja tu la mgodini, na Wilma alikuwa ameketi karibu nalo asubuhi nzima. Virgil alikuwa amelivaa. Virgil, ambaye paa la mgodi lilimwangukia mgongoni miaka mitatu iliyopita, akapewa vidonge na madaktari, kisha madaktari haohao wakamkatia vidonge. Aliyesema, “Sasa nimezoea maumivu, nimempa Mungu.” Aliyekuwa akitokwa jasho kwenye ukumbi wa baridi tangu saa tatu, mkewe akadhani anamlilia mtoto.

“Keti, Wilma. Utaharibu.” Kumbe!

“Mheshimiwa!” Wilma akapiga kelele. “Mheshimiwa, subiri! Foili si yake! Koti si lake!”

Jaji alikuwa ameshashika faili la mtu mwingine. Akaliweka chini.

“Ni la nani, Bi. Ratliff?”

“La mume wangu!”

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mwingine akasonya. Kendall alifumba macho, akasema, “Mama, nilikuomba.”

“Kwanza ilikuwa homa,” jaji akasema. “Halafu ikawa rangi. Halafu foili ya mwanao, umeitaja mwenyewe mbele ya watu arobaini. Sasa foili ya mumeo. Kesho utaniambia ni yangu?”

“Naapa, Mheshimiwa! Kweli ya Mungu!”

“Ushaapa sana humu ndani, mama.”

“Basi muulizeni mwenyewe! Huyu hapa! Virgil, simama! Simama useme, Virgil, mtoto wako anakwenda!”

Aligeuka kumvuta.

Benchi lilikuwa tupu. Kofia yake tu ndiyo ilikuwepo.

“Yuko wapi?” Wilma akauliza, akimuuliza kila mtu. “Alikuwa hapa. Yuko wapi?”

“Alitoka,” kikongwe mmoja wa benchi la tatu alimjibu. “Tangu mtoto aliposema ni yake. Nikadhani amekwenda kulia. Wanaume hawapendi kuonekana.”

“Mnaona? Mnaona amekimbia? Mheshimiwa, mtu asiye na kosa anakimbia?”

“Mtu ambaye mwanawe amefungwa miaka saba anatoka nje,” jaji akasema kwa upole. “Hata mimi ningetoka. Bi. Ratliff, nenda nyumbani. Tafadhali.”

Nikuulize msomaji, ungefanyaje? Alikuwa na kweli yote mkononi, nzima, haina ufa, na hakukuwa na mtu hata mmoja wa kumpa. Aliwatazama mmoja mmoja. Binti wakili alikuwa anakusanya karatasi. Junie alikuwa analia, lakini hata yeye alimlilia Kendall mwongo. Treva Coots peke yake alikuwa bado ameshika faili lile wazi, anatazama chini, kwenye uwanja wa magari.

Hapo honi ikalia.

Ilitoka uwanjani, chini kabisa ya madirisha. Honi ya gari kubwa la zamani, nzito, moja kwa moja, haipumui. Ikaendelea. Watu wakatazamana. Ikaendelea.

“Mtu mmoja akamwambie huyo bwana aache,” jaji akasema.

Wilma aliijua honi ile. Miaka kumi na tisa ameisikia kila jioni kwenye kona ya Caney, Virgil akirudi.

Lakini aliyeelewa wa kwanza hakuwa yeye. Alikuwa Kendall. Kendall aliyewahi kumkuta rafiki yake kalalia usukani, midomo ya bluu, honi inalia vilevile hivi, na watu wa mtaani wamefungua madirisha wanamtukana mlevi.

“Yule ni Baba!” alipiga kelele. “Hapigi honi, ameiangukia! Amevuta, amezidisha! Dewey, nifungue! Ile dawa ya puani ya kumzindua aliyezidisha iko kwenye kabati la Treva, nipeni, najua kuitumia, nifungueni!”

Akachomoka kuelekea ngazi, pingu na yote.

Askari akiona mfungwa wa miaka saba anakimbilia mlangoni, hana cha kufikiri. Dewey alimrukia na kilo zake mia na thelathini, wakaanguka wote wawili, kidevu cha Kendall kikagonga sakafu.

“Anatoroka!” Dewey akanguruma. “Fungeni mlango! Asitoke mtu!”

Ndiyo sheria ya jengo lile. Mfungwa akichomoka, kitufe kinabonyezwa, milango yote ya ghorofa ya pili inajifunga, mpaka sherifu afike na ufunguo wake. Kitufe kikabonyezwa. Milango ikagonga, mmoja baada ya mwingine.

“Dakika nne!” Kendall alikuwa analia sakafuni, damu mdomoni. “Ana dakika nne tu! Mama, mwambie! Waambie!”

Wilma alikuwa ameshafika mlangoni. Aliupiga kwa viganja, akaupiga kwa ngumi, akaupiga kwa kichwa.

“Fungueni! Ni mume wangu! Anakufa mume wangu!”

“Bi. Ratliff,” Jaji Stidham akaita, amesimama, “tafadhali, usitufanyie tena—”

“Mheshimiwa.” Ilikuwa sauti ya Treva Coots. Alikuwa amebandika uso kwenye kioo cha dirisha. “Mheshimiwa, kuna mtu kwenye lile gari. Amevaa koti la chungwa. Hasogei.”

Ukumbi mzima ukasimama. Jaji akageukia mlango uliofungwa. Akamgeukia Wilma, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu alimtazama kama mtu anayemsadiki.

Uwanjani, honi ikakatika.